Jinsi ya Kulinganisha Pikipiki za Safari kwa Watu Wawili: Mwongozo kwa Msafiri wa Kangeta

Mwongozo huu ni wa mtu wa Kangeta anayetaka kununua pikipiki moja ya kusafiria yeye na mwenzake: kwenda Maua sokoni, kushuka Meru mjini, na mara moja moja kufika Embu kwa jamaa. Unalinganisha pikipiki mbili au tatu kwa vipimo vilevile na kwa mpangilio uleule, mpaka ibaki moja.

Kwa kawaida pikipiki hununuliwa kwa kujibu maswali ya mwendeshaji: inavuta vipi, inakunywa mafuta kiasi gani, itauzika baadaye? Anayekaa nyuma haulizwi. Naye hana usukani, hana breki, wala halioni shimo kabla tairi halijaingia. Usalama wake umo katika mashine na katika uamuzi uliofanywa siku ya kununua. Kwa sababu hiyo, katika mwongozo huu kila kipimo cha barabarani huamuliwa abiria akiwa juu ya kiti. Pikipiki isiyomfaa abiria huondolewa, hata kama bei yake ni nafuu na injini yake ni nzuri.

Fuata hatua kwa mpangilio uliopo. Usiruke hatua, na usianze hatua mpya kabla ya kuandika jibu la iliyotangulia.

ISTILAHI

Maneno haya yana maana moja tu katika mwongozo mzima.

Mwendeshaji: mtu atakayeshika usukani katika safari halisi.

Abiria: mtu yuleyule atakayesafiri nyuma. Usimpime mtu mwingine badala yake, kwa kuwa urefu na uzito hutofautiana.

Mzigo: jumla ya uzito wa mwendeshaji, abiria, mavazi yao, helmeti zao na begi.

Uzito mkavu: uzito wa pikipiki bila mafuta ya petroli.

Uzito tayari: uzito wa pikipiki ikiwa na oili na tangi lililojaa petroli.

Uzito wa kikomo: uzito mkubwa kabisa ambao mtengenezaji ameruhusu, pikipiki na mzigo wake kwa pamoja.

Shokapu: chemchemi na pampu ya mafuta zinazobeba gurudumu la nyuma.

Mzamo: kiasi ambacho shokapu hushuka mzigo unapokaa juu yake.

Kuondolewa: pikipiki imeshindwa hatua moja na haiendelei na hatua inayofuata.

VIFAA

Kabla ya kuanza, weka pamoja vitu hivi:

– mizani ya bafuni inayopima hadi kilo 120 au zaidi;
– tepu ya kupimia ya mita 5;
– ubao ulionyooka wa urefu wa mita 1, na pimamaji ya fundi mwashi;
– geji ya upepo wa tairi yenye alama za psi;
– spana ya shokapu, ile ya ndoano inayokuja na vifaa vya pikipiki;
– chaki;
– helmeti 2 na jaketi 2 za kuakisi mwanga;
– daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila pikipiki, na kalamu.

Kagua helmeti sasa. Kila moja iwe na alama ya ubora ya KEBS au alama ya ECE 22.05 au 22.06. Ivae, funga mkanda wa kidevu, kisha jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka paji la uso, haikufai; tafuta ndogo zaidi. Fanya hivyo kwa helmeti ya abiria pia.

HATUA

1. Andika safari zako tatu za kawaida.

Kwa kila safari andika umbali, aina ya barabara na begi mtakalobeba. Barabara ya Meru–Maua, inayopita Kangeta, ni ya lami na ina urefu wa takriban kilomita 50. Ina masoko ya kando ya njia kama Muriri na Kianjai, ina kona, na ina pikapu za miraa zinazokwenda kasi kuwahi soko la Nairobi. Safari ya Embu ni ndefu zaidi: kutoka Meru unapita Nkubu, eneo la Chogoria, Chuka na Runyenjes, ukishuka na kupanda mabonde ya mito inayotoka Mlima Kenya. Kutoka Kangeta hadi Embu ni zaidi ya kilomita 150 kwenda tu.

Andika pia kilomita za barabara ya udongo kutoka lami hadi nyumbani. Udongo mwekundu wa Nyambene huteleza mvua inaponyesha, na mvua za Oktoba hadi Desemba katika eneo hili ni nyingi. Kilomita 3 za udongo huo kila siku huamua aina ya tairi zaidi kuliko kilomita 150 za lami mara mbili kwa mwaka.

Hakiki: daftari lina safari 3, kila moja ikiwa na tarakimu ya umbali.

2. Pima mzigo wenu.

Weka mizani kwenye sakafu ngumu. Panda ukiwa umevaa viatu, jaketi na helmeti. Andika kilo. Abiria afanye vivyo hivyo. Kisha panda tena ukiwa umeshika begi lililojaa, na utoe uzito wako wa awali ili upate uzito wa begi. Jumlisha.

Mfano utakaotumika hadi mwisho: mwendeshaji kilo 75, abiria kilo 65, begi kilo 12. Mzigo ni kilo 152.

Hakiki: pima mara 2. Tofauti ikizidi kilo 1, pima mara ya 3 na utumie tarakimu iliyojirudia.

3. Kokotoa mzigo unaoruhusiwa.

Fungua kitabu cha mmiliki cha kila pikipiki, ukurasa wa vipimo. Tafuta tarakimu 2: uzito wa kikomo na uzito tayari. Toa ya pili kutoka ya kwanza. Vitabu vingine huandika mzigo unaoruhusiwa moja kwa moja; hapo nakili tu. Usitumie uzito mkavu mahali pa uzito tayari: tangi la lita 11 likijaa huongeza takriban kilo 8.

Usikisie kwa ukubwa wa injini. BMW R 1250 GS, pikipiki kubwa ya safari yenye injini ya sisi (cc) 1,254, ina uzito tayari wa kilo 249 na uzito wa kikomo wa kilo 465. Mzigo wake unaoruhusiwa ni kilo 216. Injini hiyo ni zaidi ya mara 8 ya injini ya sisi 144.8 ya Bajaj Boxer 150, lakini mzigo wake haukaribii hata mara 3 ya mzigo wa pikipiki ndogo. Pikipiki nyingi ndogo zilizotengenezwa India huandikiwa mzigo wa kilo 130 au karibu na hapo. Watu wazima wawili na begi moja hufikia tarakimu hiyo upesi.

Sasa linganisha. Mzigo wenu ukiwa sawa na mzigo unaoruhusiwa au chini yake, endelea. Ukizidi, toa begi na ukokotoe tena. Ukizidi hata bila begi, pikipiki imeondolewa. Katika mfano wetu, kilo 152 zinazidi kilo 130. Bila begi ni kilo 140, bado zinazidi. Pikipiki ya kilo 130 imeondolewa kwa watu hawa wawili.

Usikubali jibu kwamba bodaboda hubeba watatu kila siku na hazivunjiki. Mzigo unaozidi hula beringi, hupinda rimu, huchosha shokapu na hurefusha umbali wa kusimama. Athari hizo huanza kabla hujaona chochote kimevunjika.

Hakiki: kila ukurasa una neno “inaendelea” au “imeondolewa”.

4. Kagua hati na sheria kabla ya kugusa barabara.

Pikipiki ya jaribio iwe na bima halali isiyo chini ya ile ya kumlinda mtu wa tatu. Mwendeshaji awe na leseni ya daraja la A2. Anayebeba abiria kwa malipo anahitaji A3. Linganisha namba ya chesisi na ya injini zilizogongwa kwenye chuma na zile za logibuku ya NTSA, herufi kwa herufi.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inaruhusu abiria 1 tu. Abiria akae kwa kutanua miguu, mguu mmoja kila upande, kwenye kiti kilichofungwa imara nyuma ya mwendeshaji. Kukaa upande kwa sababu ya sketi au leso hakuruhusiwi. Abiria avae suruali, hata kama ni chini ya leso. Wote wawili wavae helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga.

Ikiwa muuzaji wa Maua au Meru haruhusu pikipiki mpya kujaribiwa, kodi pikipiki ya modeli ileile kutoka steji. Chagua iliyotumika chini ya mwaka 1, na uhakikishe kiti na shokapu ni zile za kiwandani.

Hakiki: namba 2 zimelingana, bima haijaisha muda.

5. Pima nafasi ya abiria ikiwa pikipiki imesimama.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati. Fanya vipimo 4.

(a) Goti. Pima mguu wa abiria akiwa na viatu, kutoka chini ya kisigino hadi nyuma ya goti. Kisha pima kutoka juu ya kiti chake wima hadi usawa wa kikanyagio chake. Kipimo cha pili kikipungua cha kwanza kwa zaidi ya sentimita 8, goti litakunjwa mno na litauma. Pikipiki imeondolewa.

(b) Kiti. Kaeni wote wawili. Chora alama ya chaki nyuma ya makalio ya abiria. Kutoka alama hadi mwisho wa kiti zibaki angalau sentimita 5. Zikikosekana, abiria atakalia chuma cha karia.

(c) Mshikio. Abiria ashike mshikio wa nyuma kwa mikono miwili bila kuinama wala kujipinda. Uvute kwa nguvu. Ukicheza, kaza boliti na uvute tena.

(d) Kinga. Tazama upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma. Pikipiki nyingi za India huwa na wavu au fito za chuma zilizowekwa hapo kuzuia nguo isiingie kwenye spoku. Wauzaji na mafundi wengine huitoa ili kupata nafasi ya kufunga mzigo. Pikipiki ya watu wawili iwe nayo. Cheni nayo iwe imefunikwa juu, na ekzosi iwe na bati la kinga pale ambapo mguu wa abiria unaweza kuigusa.

Hakiki: vipimo 4 vimeandikwa. Kinga ikikosekana na haipatikani dukani, pikipiki imeondolewa.

6. Jaza upepo wa tairi na ukague cheni.

Pima upepo tairi zikiwa baridi, yaani kabla ya kuendesha au baada ya saa 3 za kupumzika. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye kifuniko cha cheni, au kitabu cha mmiliki. Kwa gurudumu la nyuma utaona tarakimu 2: ya mtu mmoja na ya watu wawili. Kwa mfano, pikipiki inayotaka psi 28 kwa mtu mmoja inaweza kutaka psi 32 kwa wawili. Tumia ya watu wawili.

Kisha kaeni wote wawili, na mtu wa tatu asukume cheni juu na chini katikati ya spoketi mbili. Icheze angalau sentimita 1. Cheni iliyorekebishwa pikipiki ikiwa tupu hukaza shokapu inaposhuka, na cheni iliyokaza sana huharibu beringi ya gia na inaweza kukatika.

Hakiki: geji imesoma tarakimu ileile mara 2, cheni inacheza mkiwa mmekaa.

7. Pima mzamo wa shokapu.

Chora alama ya chaki kwenye fremu, wima juu ya ekseli ya nyuma. Pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma likiwa hewani, pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama. Andika: kipimo A. Ishushe kwenye stendi, kaeni wote wawili na begi, miguu ya abiria ikiwa kwenye vikanyagio, na mtu wa tatu aishike isimame wima. Apime tena: kipimo B. Mzamo ni A kutoa B.

Tafuta katika kitabu urefu wa mwendo wa gurudumu la nyuma. Mzamo uwe karibu na theluthi moja ya mwendo huo na usizidi asilimia 40. Mfano: mwendo ni milimita 110, A ni 540, B ni 490. Mzamo ni milimita 50, wakati kikomo cha asilimia 40 ni milimita 44. Haijafaulu. Zungusha pete ya chini ya shokapu kwa spana ya ndoano, ngazi moja tu, shokapu zote mbili sawasawa, kisha upime tena. Ukifika ngazi ya mwisho na mzamo bado unazidi milimita 44, pikipiki imeondolewa.

Hatua hii ina uzito zaidi kuliko inavyoonekana. Shokapu iliyozama haina mwendo wa kumeza shimo, na pigo lote humwendea abiria kwenye uti wa mgongo.

Hakiki: andika A, B, mzamo na ngazi ya shokapu iliyotumika.

8. Kagua taa mkiwa mmekaa wawili.

Weka pikipiki mita 5 kutoka ukutani jioni. Mwendeshaji akae peke yake, washa taa ya chini, na mtu wa tatu achore mstari wa chaki pale mwanga unapokatika juu. Abiria apande. Mwanga ukipanda juu ya mstari, shusha taa kwa skrubu yake hadi ufike mstarini. Nyuma ikishuka, mbele huinuka, na mwanga ulioinuka humpofusha dereva wa pikapu anayekuja.

Hakiki: mwanga uko mstarini mkiwa wawili.

9. Kubaliana na abiria kuhusu ishara.

Tumieni ishara 3 tu. Pigo 1 begani: punguza mwendo. Mapigo 2: simama mahali salama. Kubana mapaja kwa nguvu: kuna hatari, simama sasa. Abiria apande na ashuke baada tu ya mwendeshaji kusema “tayari”, na kwa upande wa kushoto. Kwenye kona alale pamoja na pikipiki, asijinyooshe kinyume chake.

Hakiki: abiria arudie ishara 3 bila kukumbushwa.

10. Pima breki kwenye tambarare.

Tafuta lami kavu, iliyonyooka na isiyo na magari, au uwanja mgumu wenye ruhusa ya mwenyewe. Chora mstari wa chaki. Anza peke yako: fika mstarini ukiwa na kilomita 30 kwa saa, bana breki ya mbele na ya nyuma kwa pamoja bila kufunga magurudumu, simama, pima umbali. Rudia mara 3. Kisha fanya hivyo na abiria, mara 3.

Mkiwa wawili, wastani wa umbali usizidi mita 9. Lever ya mbele isiguse mpini. Gurudumu la nyuma lisitoke kando. Chochote kati ya hivi kikitokea, fundi arekebishe breki, nawe urudie jaribio mara 1. Kikitokea tena, pikipiki imeondolewa.

Hakiki: tarakimu 6 za umbali zimeandikwa, 3 za mtu mmoja na 3 za wawili.

11. Panda mlima kutoka kusimama.

Chagua mwinuko wa lami usio na kona. Upime kwanza: weka ubao wa mita 1 ukielekea mlimani, inua ncha ya chini mpaka pimamaji ionyeshe usawa, kisha pima nafasi iliyo chini ya ncha hiyo. Sentimita 8 ni mwinuko wa asilimia 8. Tafuta wa asilimia 8 hadi 10.

Simama katikati ya mwinuko mkiwa wawili na begi. Ondoka kwa gia ya 1. Pikipiki isirudi nyuma zaidi ya sentimita 30, na klachi isitoe harufu ya kuungua. Ongeza hadi kilomita 40 kwa saa na uushike mwendo huo kwa mita 300. Andika gia uliyotumia.

Hesabu yake ni hii. Pikipiki na mzigo vyenye kilo 280, kwenye mwinuko wa asilimia 8, kwa kilomita 40 kwa saa, vinahitaji takriban kilowati 3.5 kwenye gurudumu. Boxer 150 ina nguvu farasi 12, karibu kilowati 9, lakini huzifikia injini ikizunguka mara 7,500 kwa dakika. Isitoshe, injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo pikipiki ya sisi 150 itapanda, ila kwa gia ya chini na kwa kelele. Royal Enfield Himalayan ya sisi 411, yenye msokoto wa Nm 32 unaopatikana kati ya mizunguko 4,000 na 4,500, hupanda bila kulazimishwa. Lakini uzito wake wa takriban kilo 199 utausikia siku utakapoisukuma kwenye tope.

Hakiki: imeshika kilomita 40 kwa saa kwa mita 300. Ikishuka chini ya 30, imeondolewa.

12. Shuka mteremko mrefu na urudie breki.

Chagua mteremko wa kilomita 2 au zaidi. Shuka kwa gia uliyopandia, mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, injini ikizuia na breki zikiguswa kwa vipindi vifupi. Mwisho wa mteremko, mahali pa tambarare, rudia mara moja jaribio la hatua ya 10 mkiwa wawili. Umbali ukiongezeka kwa zaidi ya mita 2, breki huchoka kwa joto, na pikipiki imeondolewa. Usiguse ngoma wala diski kwa mkono, huunguza.

Usiipunguze hatua hii. Njia ya Embu ina miteremko ya aina hii, na katika daraja la Nithi, kati ya Chogoria na Chuka, basi lilitumbukia bondeni tarehe 24 Julai 2022 na kuua zaidi ya watu 30. Mteremko hujaribu breki za chombo chochote, na watu wa pikipiki hawana bati la kuwakinga.

Hakiki: umbali wa breki baridi na wa breki moto umeandikwa sambamba.

13. Safiri hadi Meru na kurudi.

Jaza tangi Kangeta, pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, hadi alama unayoweza kuitambua tena. Andika kilomita zinazosomwa kwenye mita ya pikipiki. Nenda Meru kupitia Kianjai, kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa kwenye kila soko, kama sheria inavyotaka.

Simameni mara 3: Kianjai, Meru mjini, na Kangeta mkirudi. Kila mara abiria atoe alama kwa sehemu 4 za mwili: makalio, magoti, mgongo, viganja. 0 ni hakuna shida, 1 ni uchovu, 2 ni ganzi, 3 ni maumivu. Aandike mwenyewe, kabla mwendeshaji hajasema neno. Jumla ni kati ya 0 na 36. Alama ya 3 Kianjai, safari ikiwa bado changa, huiondoa pikipiki.

Abiria aandike pia jambo moja: pikapu au lori likiwapita kwa kasi, alijihisi akisukumwa kando? Andika ndiyo au hapana. Jibu la ndiyo haliiondoi pikipiki peke yake, lakini linatumika katika hatua ya 15.

Jaza tena kwenye pampu ileile hadi alama ileile. Gawanya kilomita kwa lita. Mfano: kilomita 80, lita 2.0, ni kilomita 40 kwa lita. Zidisha kwa lita za tangi, kisha kwa 0.8: 40 × 11 × 0.8 ni kilomita 352. Huo ndio umbali salama kabla ya kutafuta petroli. Uzidi safari yako ndefu kuliko zote ya kwenda tu.

Hakiki: kuna alama 12 za abiria na tarakimu 1 ya umbali salama.

14. Ulizia vipuri katika miji mitatu.

Nenda maduka ya Kangeta, Maua na Meru mjini ukiwa na orodha hii ya vipuri 8: kebo ya klachi, pedi au viatu vya breki, cheni na spoketi zake, tairi la nyuma, plagi, filta ya oili, balbu ya mbele, beringi za gurudumu la nyuma. Uombe kuona kipuri chenyewe. Usikubali “tutaagiza” kama jibu la ndiyo. Andika kilichopo leo na bei yake.

Vipuri 6 au zaidi vikipatikana leo katika mji wowote kati ya mitatu, imefaulu. Chini ya 6, pikipiki haiondolewi, lakini ongeza kwenye bei yake gharama ya seti nzima ya vipuri 8, uvinunue siku ileile ya pikipiki na uviweke nyumbani. Pikipiki kubwa za safari mara nyingi huangukia hapa, kwa kuwa vipuri vyake hutoka Nairobi.

Hakiki: kila kipuri kina bei au neno “hakuna”.

15. Amua kwa mpangilio huu.

Weka kando kurasa zote zilizoandikwa “imeondolewa”. Usizirudie kwa sababu ya punguzo la bei. Zilizobaki zilinganishe hivi:

(a) Jumla ya alama za abiria. Tofauti ikiwa 4 au zaidi, chukua yenye jumla ndogo na umalize.
(b) Tofauti ikiwa chini ya 4, chukua yenye umbali mfupi wa breki moto.
(c) Breki zikitofautiana kwa chini ya nusu mita, chukua ambayo abiria hakuhisi kusukumwa kando.
(d) Zikilingana bado, chukua ya bei ndogo, ukijumlisha vipuri vya hatua ya 14.

Ikiwa hakuna iliyobaki, una njia mbili zilizo halali: ongeza fedha na uanze tena kutoka hatua ya 3 na pikipiki nyingine, au tumia pikipiki ndogo mwendeshaji akiwa peke yake na abiria apande matatu. Kulegeza vipimo si njia ya tatu. Tarakimu za hatua ya 3, 7, 10 na 12 zimewekwa kwa ajili ya mtu asiye na breki mikononi mwake.

Hakiki: abiria asome daftari lote na atie sahihi chini ya uamuzi. Asipokubali, rudi kwenye hatua aliyoitilia shaka na muifanye tena pamoja.

16. Rudia vipimo baada ya kilomita 500.

Pikipiki mpya hulegea na kujipanga katika kilomita zake za kwanza: cheni hurefuka, shokapu hulainika, boliti za karia na mshikio hulegea. Ikifika kilomita 500, rudia hatua ya 5(c), 6, 7 na 10. Andika tarakimu mpya kando ya za zamani. Mzamo ukiongezeka kwa zaidi ya milimita 5, au umbali wa breki kwa zaidi ya mita 1, irudishe kwa muuzaji ukiwa na daftari mkononi, dhamana ingali hai. Baada ya hapo rudia kila miezi 6, na kabla ya kila safari ya Embu.